Njia Tatu za Maziwa ya Garissa

Mwaka ule mto ulipovunja kingo zake na kuzihamisha familia za bondeni, mji wetu ulikaa kijani kwa miezi mitano. Naona haya kusema kwamba huo ndio uliokuwa mwaka mzuri kuliko yote ya ndoa yangu, maana wapo waliopoteza nyumba na mbuzi katika maji hayohayo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mafuriko yalipopungua, kila kona ya zamani iliyoachwa na mto ilibaki imejaa. Ungesema Garissa ni mji wa maziwa.

Mume wangu alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya maji. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli akipima kina cha visima na silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa ambako mifugo hunyweshwa. Asubuhi moja baada ya chai aliniambia, "Mwalimu, njoo nikuonyeshe nilikokuwa nikishinda."

Aliniita Mwalimu kwa sababu nilifundisha Kiswahili shule ya msingi. Mimi nilimwita Injinia, ingawa hakuwahi kuwa injinia. Baiskeli nilijifunza nikiwa chuo cha ualimu, mbali na macho ya shangazi zangu, na tangu niolewe sikuwa nimeigusa.

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Kisha watachoka."

Alininunulia sokoni baiskeli ya kike iliyotumika, akaufunika mnyororo kwa kipande cha bati ili nguo yangu isinaswe. Siku ya kwanza tulipotoka, dada yake mkubwa, ambaye nyumba yake hapo Waberi inapakana na yetu, alisimama langoni mikono kiunoni.

"Wallahi! Nyanya wa watoto sita juu ya baiskeli!"

"Abaayo, panda nyuma nikubebe," mume wangu akamwambia. Dada yake akaingia ndani na kubamiza lango.

Njia zetu zilikuwa tatu. Ya kwanza ilifuata mto, ikipita katikati ya mashamba ya migomba na nyanya, kelele za pampu kila upande, hadi kwenye ziwa dogo nyuma ya mashamba. Saa moja kwenda, saa moja kurudi. Ya pili ilizunguka nyuma ya kiwanja cha ndege na kugusa silanga mbili. Hiyo tuliiendea Ijumaa asubuhi, ili arudi mapema kuoga kabla ya msikiti. Ya tatu ilikuwa ndefu. Ilishuka kusini kwenye nchi ya twiga, ikaacha barabara na kufuata njia ya ng'ombe hadi kwenye ziwa kubwa lililopinda kama mundu. Mahali kama hapo sisi huita desheg. Kulikuwa na yungiyungi, mikoma iliyosimama ndani ya maji, na ndege aina ya mwari waliotua kwa makundi. Hakuniruhusu kukaribia ukingo kwa sababu ya mamba. Tulikaa juu, tukavua viatu, tukanywa chai ya chupa, naye akanisimulia habari za kila kisima alichowahi kupima, kina chake na tabia ya wenyewe.

Miiba ya mathenge ilitutoboa magurudumu karibu kila safari. Aliziba pancha akiimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeishi naye miaka thelathini na minne bila kujua kwamba huimba.

Ilikuwa kwenye njia ya kwanza, ile fupi, ndipo aliposimamisha baiskeli mahali palipogawanyika njia na kunigeukia.

"Mwalimu, tunaelekea wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Alikuwa amepita pale tangu ujana wake. Kisha nikaona jinsi alivyoushika usukani, vidole vimekuwa vyeupe, nikaacha kucheka.

"Kushoto, Injinia."

Tulikwenda Nairobi, tukapigwa picha za kichwa, tukaambiwa jina la ugonjwa. Daktari alikuwa mpole. Alisema kuna vidonge vya kuupunguza mwendo, si vya kuurudisha nyuma. Sheikh wa mtaa alikuja akamsomea siku saba. Mume wangu alimshukuru kwa adabu, na sheikh alipoondoka akaniuliza yule alikuwa nani.

Mvua iliyofuata ikakosa kunyesha. Na iliyofuata hiyo. Silanga za njia ya pili zikawa matope, kisha vumbi lenye mifupa ya punda. Tuliendelea kutembelea lile ziwa dogo la nyuma ya mashamba hata liliposalia dimbwi, na hata dimbwi lilipokauka tulikwenda, maana bila safari hiyo alizunguka uani mchana kutwa akitikisa lango. Kwenye lile ziwa kubwa la kusini sikumpeleka tena. Alipoliulizia nilimwambia ni mbali, tutakwenda kesho.

Mara mbili alitoka peke yake, majirani wakamrudisha. Dada yake alitaka baiskeli iuzwe. Mimi niliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya tangi la maji na ufunguo nikautia shingoni. Kila asubuhi alikwenda kukaa kando yake. Hakugombana nami. Alikuwa akiifuta vumbi tu.

Siku moja baada ya sala ya alfajiri alinijia jikoni nikipika anjera. Macho yake yalikuwa yametulia, macho yake ya zamani.

"Mke wangu," akasema. Hakuwa ameniita hivyo kwa muda mrefu. "Nimekukosea nini hata unanifunga?"

"Sijakufunga wewe. Nimefunga baiskeli."

"Nizunguke mtaani tu. Nitarudi kabla hujamaliza hizo."

Nilivua ufunguo shingoni nikampa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilidanganyika, na jibu ni hapana. Nilijua kabisa. Nilichoka kuwa askari wa gereza la mume wangu, basi.

Anjera zilikwisha, zikapoa. Jua lilipokuwa juu tayari niliwaambia watu waende kwenye njia ya kwanza, mpaka kwenye ziwa dogo lililokauka, kwa sababu ndiko tulikokuwa tukienda. Walipekua kila kichaka cha mathenge na kila shamba, wakashuka mpaka mtoni, wakaogopa kuniambia kwa nini wanaangalia majini. Wengine walizunguka nyuma ya kiwanja cha ndege. Ile njia ndefu sikuitaja. Mtu asiyekumbuka mlango wa choo chake, nani angefikiri atashika njia ya saa tatu?

Aliishika. Hakukosea kona hata moja.

Siku ya pili alasiri mchungaji mmoja wa ngamia alimleta kwenye gari lililobeba maji. Mchungaji huyo alikuwa mgeni kutoka upande wa Hadado, aliyeshuka na ngamia wake kutafuta malisho. Aliniita kando akanieleza. Alimkuta katikati ya desheg, pale ardhi ilipopasuka vipande vipande, baiskeli imesimamishwa kwa uangalifu, magurudumu yote mawili yamekwisha upepo. Mzee alikuwa ameketi, viatu vimepangwa pembeni yake.

"Nilimuuliza, adeer, unafanya nini hapa? Akaniambia anamngojea mwalimu, amekwenda kuchota chai."

"Ulimpa maji?"

"Nilimpa, kidogo kidogo. Alikataa kwanza. Alisema maji yapo mengi, niwape ngamia."

Alilazwa hospitalini majuma matatu. Figo zilipona nusu. Maneno hayakurudi ila machache, na hayo hayana mahali yanapoelekea. Dada yake alikuja kumlisha uji kila mchana. Siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kijiko, alisema, "Wewe ndiye uliyempa."

Alikuwa amesema kweli, tena kwa sauti ndogo kuliko nilivyostahili.

Mwaka huu mvua imenyesha. Si kama ile ya mafuriko, lakini imetosha kujaza maziwa, na watu wamefurahi, kama watu wanavyopaswa kufurahi. Juma lililopita nilikodi tuktuk, nikamkalisha mume wangu katikati ya mito miwili ya kuegemea, tukashuka kusini. Ile njia ya ng'ombe ilikuwa na majani hadi kwenye vioo. Maji yalikuwa yamerudi yote, na mwari, na yungiyungi. Dereva alizima injini akasema, "Mama, mbona hatujui kama kuna mahali kama hapa?"

Nilimfungulia mume wangu pazia la upande wake. Aliyatazama maji kwa muda mrefu. Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani anataka kusema jina la mahali. Kisha akanishika mkono kwa nguvu na kuanza kulia kwa hofu, hivyo anavyolia mtu aliyeletwa asikokujua na watu asiowajua. Aliuficha uso wake begani kwangu ili asiyaone.

"Turudi," nilimwambia dereva.

Njia nzima hakuniachilia mkono. Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha sahau kulia, ila mimi aliniangalia kwa adabu ile anayowapa wageni, akasogea ili nipate nafasi ya kushuka.