Kusoma kwa Miguu

Katika chuo cha ualimu nilichosomea pale Thika, sisi wanafunzi tulisoma kwa miguu. Sijui nani alianzisha. Nilipofika, mwishoni mwa miaka ya hamsini, niliikuta desturi hiyo imekomaa. Kila alasiri baada ya vipindi, vijana thelathini walipishana katikati ya mikaratusi, kila mmoja na daftari lake, midomo ikicheza. Unasoma mstari mmoja, unafunga daftari, unatembea huku ukiukariri. Ukifika kwenye ua unageuka na kuanza mstari wa pili.

Niliipenda desturi hiyo kuliko wote. Tangu utotoni kiti hunichoma, na hata leo, nimeshapita miaka arobaini, sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Wenzangu waliishia kwenye ua. Mimi nilipita langoni, nikafuata barabara ya mashamba ya mkonge, nikarudi miguu imejaa vumbi na kichwa, nilivyoamini, kimejaa elimu.

Mwisho wa muhula wa kwanza nilifeli vibaya. Mkuu wa chuo, Mzungu aliyezungumza Kiswahili polepole kama anayepima sukari, aliniita ofisini.

"Nakuona na madaftari kila siku," alisema. "Huwa unayapeleka wapi?"

Akanipa mwezi mmoja, yaani likizo yote. Nikirudi angenijaribu upya kwa mdomo katika masomo mawili, kanuni za kufundisha na kilimo. Nikianguka hata katika moja, nafasi yangu ingekwenda kwa mwingine, na waliokuwa wakiingoja walikuwa wengi.

Likizo hiyo nilikaa Ruiru kwa tata, dada ya baba yangu, aliyekuwa akichuma kahawa katika shamba moja la walowezi. Kwa kuwa nilipewa jina la baba yake, aliniita "baba," akanigombeza hivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilichora ratiba ya kusoma, na mistari yake niliipiga kwa rula na wino mwekundu. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Siku ya pili niliivunja kabla ya saa nne asubuhi. Nikachora nyingine, yenye vipindi vifupi zaidi, nayo nikaivunja. Ya tatu niliichora kwa sababu kuchora kulikuwa rahisi kuliko kusoma, na nilijua hivyo hata nikiwa nimeshika rula. Jambo hilo lilinikera zaidi ya kufeli kwenyewe.

Basi nikarudia miguu yangu. Nilikuwa katikati ya njia ya kahawa nikikariri hatua saba za kutayarisha somo, askari wa kijiji akanisimamisha. Siku zile za hali ya hatari, serikali ikiwasaka waliokula kiapo, mtu anayenong'ona peke yake hakupendeza machoni pa mtu yeyote.

"Unaapa nini hapo?"

"Ninasoma."

"Kitabu kiko wapi?"

"Kichwani."

"Na hicho kichwa kina pasi?"

Nilimwonyesha barua ya chuo iliyoniruhusu kusafiri kati ya Ruiru na Thika. Aliigeuza mara mbili, akanipeleka kwa tata kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, akamwambia anikalishe chini.

Tata alinikalisha kweli. Kila alipotoka kuchuma, kama saa kumi, aliketi mlangoni kupukuchua mahindi, nami kwenye kigoda mbele yake. Hakujua kusoma. Alitaka tu nimweleze nilichojifunza. Nikaanza hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, maneno yakitiririka.

"Ngoja," alisema. "Hiyo ya tatu, kwa nini inatangulia ya nne?"

Nikajaribu kuifikia hatua ya nne, nikakuta haifikiki ila nikianza tena ya kwanza.

"Baba, wewe ni kama mtu anayejua njia ya Thika akitokea hapa tu," alisema. "Ukimshusha Juja, anapotea."

"Mwalimu hakutuuliza kwa nini."

"Mimi nakuuliza. Anza katikati."

Kwa siku kumi alinianzisha katikati. Siku nyingine alinianzisha mwishoni nirudi nyuma. Nilikasirika, nikatokwa na jasho, nikamjibu vibaya. Lakini siku ya kumi na moja alitaja hatua ya tano, nami nikaijibu na kumweleza kwa nini, nikiwa nimekaa, bila kutikisa mguu. Hakunisifu. Alisema, "Sasa lete hilo la udongo."

Hilo ndilo lililokuwa somo la kilimo: udongo, mmomonyoko, matuta. Nilimweleza habari za matuta, akacheka.

"Nani amekudanganya? Nimechimba matuta hayo kwa amri ya serikali mpaka mgongo ukakataa. Ukiyachimba hivyo, mvua moja inayabeba yote. Rudia."

Nilikuwa na ujana, na cheti changu cha sekondari. Kukosolewa na mchuma kahawa katika jambo lililoandikwa daftarini kulinichoma. Kesho yake nilichukua barua yangu ya chuo nikaenda Thika, nikakaa siku nne kwa rafiki, kila siku nikishuka kutazama maporomoko ya Chania. Nilibeba daftari la kilimo. Nililifungua mara moja tu, nilipotafuta kitu cha kukalia majani yalipokuwa na umande. Niliporudi Ruiru likizo ilikuwa imebaki siku mbili, na tata hakuniita tena kwenye kigoda. Nami sikumwomba.

Mkuu wa chuo alianza na kanuni za kufundisha. "Hatua ya nne," alisema, nami nikaichukua hapo hapo, nikaeleza kilichotangulia na kinachofuata. Aliinua macho. Nadhani alifurahi. Kisha akafungua kilimo.

"Tuta linachimbwa vipi kwenye mteremko, na kwa nini?"

Nikasema maneno ya daftari. Akauliza tena kwa nini. Nikaanza upya, mstari wa kwanza. Mguu wangu ulikuwa ukipiga sakafu, nami nikausikia.

"Somo la kwanza umefanya kazi," alisema. "Hili la pili kwa nini hukulifanya vile vile?"

Ningeweza kusema uongo. Nilisema, "Nilikasirika." Aliandika kitu kifupi, akafunga jalada.

Nilimkuta tata anafua. Nilimwambia nimepita moja, nimeanguka moja, na nafasi imekwenda. Aliuliza ni lipi nililofeli, nikamwambia. Alikamua shati mpaka tone la mwisho.

"Kesho uamke mapema," alisema. "Nyapara wa kahawa huandika wachumaji saa kumi na mbili, na akishamaliza, amemaliza."