Jeruto Alivyompa Shemeji Kiti cha Mbele

Jeruto anafuma sweta za shule kule Kimumu, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mashine yake ni ya mkono, ya kusukuma kushoto na kulia, na ndiyo iliyowasomesha binti zake watatu: Brenda, Diana na Sarah. Watu wa mtaa humwita mpole. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na sijawahi kukubaliana nao.

Mumewe, Kipkirui, alikufa kwa ajali mwaka wa 2009. Wiki ya mazishi, Kipyego, kaka mkubwa wa marehemu, aliita mkutano wa familia nyumbani kwao Chepsaita. Jeruto alidhani wanaenda kupanga jinsi watoto watakavyosoma. Brenda alikuwa na miaka minane na Sarah alikuwa bado ananyonya. Kipyego alisimama, akasema maneno ambayo Jeruto amenisimulia mara nyingi bila kubadilisha hata moja: "Huyu alituletea wasichana watupu. Wataolewa, waende kwa wenyewe. Sasa nyumba ya Kipkirui iko wapi hapa?"

Mvua za Machi zilipoanza, mahindi ya Kipyego yalikuwa yamepandwa mpaka kwenye ukuta wa jiko la Jeruto. Akafunga mizigo, akaja mjini na watoto.

Tulifundishwa shuleni kwamba familia humlea mtoto, humpa jina, na humpa mahali pa kusimama mbele ya watu. Kulea, Jeruto alilea peke yake. Hayo mengine mawili yalibaki Chepsaita, na hakuyafikiria sana mpaka mwaka juzi, Brenda alipopata mchumba, Byron, kijana wa Plateau.

Wazee wa Byron walituma ujumbe kabla ya koito, kikao cha kuposa: wangependa kukutana na watu wa upande wa baba. Paul, kaka yake Jeruto, alisema mjomba naye ana sauti, atasimama yeye na atawaeleza. Brenda akafurahi. Jeruto akakataa.

"Mpigieni Kipyego."

"Mama! Yule hata akikupita sokoni anaangalia kando," Brenda alisema.

"Ndiyo maana nataka aje."

Nilimuuliza baadaye kama amemsamehe. Alikuwa akihesabu mishono, akamaliza kwanza. "Nimesema nampa kiti. Hayo mengine umeongeza wewe."

Siku ya koito Kipyego alikuja kwa Jeruto na koti jeusi, kofia na fimbo, akamsalimu kila mgeni kwa mikono miwili kama mwenye boma. Wageni walikuwa kumi. Mimi niliketi pembeni na daftari, kwa kuwa niliombwa kuandika yatakayokubaliwa. Msemaji wa wageni, Mzee Kigen, aliuliza habari za ukoo. Hapo Kipyego alinawiri. Alitaja ukoo na mnyama anayeuwakilisha, akataja marika, akashuka na majina ya mababu mpaka kizazi cha tano bila kukwama.

"Sasa tumejua tumefika kwa watu," Mzee Kigen alisema.

Kipyego angenyamaza hapo, siku ingeisha salama. Lakini sifa zilikuwa zimempanda. Akaongeza, bila kuulizwa, "Na hawa watoto nimewalea mimi kama wangu, tangu ndugu yangu aende."

Jeruto alikuwa mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Akakiweka chini. Wasichana wote watatu walikuwa wameketi kwenye kochi moja, wamevaa kitenge cha aina moja.

"Basi shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "watambulishie wageni watoto wako. Anza na bibi harusi."

Kipyego akacheka. "Mama Brenda, wageni wana njaa."

"Chakula kipo. Ni majina matatu tu. Ya wazee waliokufa umetupa mengi."

Mama mmoja wa upande wa wageni akakohoa ili asicheke. Kipyego aliinua fimbo, akaielekeza kwa yule mrefu. "Huyu si ndiye Brenda?"

"Huyo ni Diana. Na wa mwisho?"

Kipyego alimtazama Paul. Paul alikuwa akikagua viatu vyake.

"Ulimwona akinyonya," Jeruto alisema, "siku ile ulipouliza nyumba ya baba yake iko wapi. Ni hii uliyoketi ndani."

Kipyego alitoka bila kuaga. Mzee Kigen naye akasimama. "Mama, tupe nafasi kidogo." Wageni wote kumi wakatoka, wakasimama langoni karibu na magari yao.

Brenda alikuwa akilia. "Miaka kumi na tano ulikuwa nayo ya kumlipiza, Mama. Ukachagua siku yangu."

"Siku nyingine asingekuja."

Tuliwaona dirishani wakibishana. Mlango wa gari moja ukafunguliwa, gari likaondoka. Brenda akafunika uso. Waliporudi walikuwa wanane.

"Wawili wamekataa, hawataki undugu na nyumba yenye maneno," Mzee Kigen alisema. "Sisi tuliobaki tumekuja kutafuta mke, hatukuja kusikiliza kesi. Tutazungumza na mjomba."

"Na ng'ombe wa mahari wa upande wa baba?" Paul aliuliza.

Jeruto alinigeukia. "Andika wa mama."

Nikaandika, na hakuna aliyepinga.

Brenda hakumpigia mama yake simu kwa wiki tatu. Kisha nikasikia kwamba amempelekea Kipyego kadi ya harusi, kwa mkono wake mwenyewe. Nilimweleza Jeruto nikitarajia ghadhabu. Aliendelea kusukuma mashine. "Mwache aje. Chakula kitakuwa kingi."

Alikuja kweli, Desemba, na koti lile lile, akaketi mwisho wa hema kati ya majirani wa Chepsaita. Baada ya keki, mshereheshaji akaita familia ya bibi harusi mbele wapigwe picha. Paul akaenda na mkewe, Diana na Sarah wakaenda. Kule nyuma, Kipyego akainuka, akafunga kifungo cha koti. Jeruto, aliyekuwa tayari amesimama kando ya Brenda, alimtazama tu. Hakupepesa macho. Kipyego akakifungua kifungo, akaketi.

Mpiga picha akasema watabasamu. Jeruto alikuwa ameshaanza.