Miezi Miwili Niliyoificha Kliniki

Asifiwe Mungu anayetufinyanga tumboni bila kuomba ushauri wa bibi yeyote. Angetuuliza, tungemchelewesha.

Nimefundisha Maandiko kanisani kwetu Lambwe tangu meno yangu yote yakiwa yangu. Huwaambia akina mama kwamba jicho baya halina nguvu mbele za Bwana. Wanaitika amina, kisha kila mwenye mimba anaificha chini ya leso mbili. Ukimwuliza ana miezi mingapi, anataja michache, ili mwenye roho mbaya asijue siku ya kujifungua. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa watoto wangu sita. Niliiita busara.

Basi mke wa mwanangu mdogo, ambaye tunamwita Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa sababu ndiko alikozaliwa, alipopata mimba ya kwanza, nilimfundisha somo hilo zaidi ya Zaburi. Kliniki nilimkataza mpaka tumbo lilipokataa kufichika.

Siku tuliyokwenda tulikuta watafiti. Walitaka kujua kwa nini watoto wengine hawakui vizuri tumboni. Daktari wao, msichana mpole, alimpima tumbo kwa utepe kama wa fundi cherehani, akauliza mara ya mwisho aliona siku zake lini.

Nikamjibia: "Kwaresima ilipoanza."

Ukweli ulikuwa Krismasi. Nilidanganya, lakini kwa kalenda ya kanisa.

"Miezi sita," daktari akasema. "Mtoto analingana nayo."

Nikatabasamu. Nilikuwa nimewashinda wachawi na wasomi kwa asubuhi moja.

"Angekuwa na miezi minane ningeogopa," akaendelea. "Mtoto mdogo hivi kwa miezi hiyo, huenda kondo la nyuma halimlishi. Tukimngoja tu, anaweza kufia humo ndani."

Nyar Rusinga akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Mama," akasema polepole, "wewe ndiye mwalimu. Sema."

Niliomba umeme upotee. Kwetu hilo si ombi gumu. Siku hiyo umeme ulikaa kama mgeni aliyesikia harufu ya kuku.

"Daktari, ni Krismasi," nikasema. "Ana miezi minane."

Akaweka kalamu chini. "Mama, mbona umenidanganya?"

"Si wewe. Nilikuwa nawadanganya majirani."

"Majirani wako wapi humu?"

Hawakuwepo. Alikuwepo nesi tu, akikohoa ili asicheke.

Daktari alifuta, akahesabu upya, akawasha mashine ya picha. Alipoona damu inapita kwa shida kwenye kamba ya kitovu cha mtoto, aliinuka akaita gari. Mchana huohuo tulipelekwa hospitali kubwa ya Homa Bay. Njiani Nyar Rusinga hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, huko wakikuuliza jina langu, sema la kweli."

Alipasuliwa kesho yake. Alitoka msichana mwembamba, mwenye mikunjo kama mimi, akalia kwa sauti ndogo. Waliagiza awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Mama yake alikuwa na maumivu ya mshono, kwa hiyo nilifungua vifungo vya blauzi yangu ya kanisa nikamweka kati ya matiti yaliyostaafu zamani.

"Usimshushe, dana," nesi akasema, yaani bibi kwa lugha yetu.

Sikumshusha hata mguu wangu ulipokufa ganzi. Wazee wa kanisa walikuja kutuombea wakanikuta hivyo, wakageukia ukuta wote pamoja. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza niliamini kwamba amefumba macho kweli.

Mtoto alinenepa taratibu. Sasa anatambaa na kuvuta mikia ya mbuzi. Nikimwona namshukuru Mungu, na kumshukuru yule msichana wa utepe, ambaye hakuniita mwongo ingawa nilistahili.

Wewe unayesoma, Bwana akubariki. Ukiwa na mimba, akulishie mtoto wako mpaka ajae, na siku atakayotoka alie kwa nguvu. Amina.