Sita, Kaa Chini

Kosa langu la kwanza nikiwa kocha, na ninalisema huku nimefunika uso, ni kudhani kwamba kila mchezaji alikuwa amelisoma daftari langu. Ukocha nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, na katika daftari hilo nilichora safu ya kiungo iliyolingana sawasawa (nilifuta na kuchora upya mara kumi na moja): namba sita anakaa chini kulinda mabeki, nane anapanda na kushuka, kumi anacheza nyuma ya mshambuliaji. Odhiambo, nahodha wetu pale Kosele, alinipa mechi moja tu, dhidi ya vijana wa Sori. Tukifungwa, timu anapewa mwalimu mmoja wa Asumbi.

Sasa, jezi tulikuwa tumeazima, na kila mtu akavaa iliyomtosha. Ouma, sita wangu wa daftarini, akavaa tisa, na Omosh, mshambuliaji mwenye kifua kama kabati, akavaa sita. Niliona, nikasema si kitu. (Si kitu! Mimi, ambaye hata soksi huzipanga kwa rangi!)

Dakika za mwisho, bado bila kwa bila, Omosh akampiga chenga kipa, goli likabaki wazi kama mlango wa kanisa siku ya Sabato, na mimi macho yangu yako wapi? Kwa Ouma, aliyekuwa akipanda polepole akiuharibu mchoro wangu, basi nikapiga kelele kwa nguvu zote, "Sita, kaa chini!"

Omosh akakaa. Kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mpira uko mbele yake.

"Mleteeni kiti, amechoka!" akapaza sauti mama muuza njugu, na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata refa firimbi ikamponyoka mdomoni. Nikachanganyikiwa zaidi: "Sita, simama! Simama!" Omosh akainuka, ndiyo, lakini Ouma naye akakumbuka kwamba sita ni yeye, akasimama tuli katikati ya uwanja kama mlingoti wa stima, na kipa wa Sori, ambaye alishaudaka mpira, akaupiga mbele, ukampita Ouma sikioni, wakatufunga.

Mechi ilipoisha Odhiambo akamgeukia Omosh. "Omera, kwa nini ulikaa?"

"Kocha alisema! Si asubuhi alituambia asiyemsikia anatoka? Nikadhani ameona nimeotea."

"Na wewe, Ouma?"

"Mimi niliambiwa nisimame."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Mpeni mwalimu timu."

"Mwalimu ataniruhusu kupumzika uwanjani?" Omosh akauliza. "Abaki huyu!"

Wakainua mikono, nikabaki, nikiwa nimeshinda kwa kura mbili tu. Siku hizi simwiti mchezaji kwa namba. Naita majina, na ninayetaka abaki nyuma namwambia abaki nyuma.