Frateri Ildefonsi na Kibanja cha Kampire

Mara ya kwanza kupeleka shida yangu kwa Ildefonsi nilibeba pombe. Ilikuwa mwaka 1983, amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji juzijuzi, nami nilikuwa nikinunua maharage na ndizi mbivu vijijini na kuzipeleka sokoni Omurushaka. Nilitaka sehemu ya gulio la kijiji iliyo karibu na barabara, pale magari yanaposimama. Nikachukua dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyokolea vizuri, nikamkuta ofisini na watu kadhaa wakisubiri zamu, mmoja wao Gaspari, aliyekuwa akinunua maharage kama mimi. Nikaamkia, nikaliweka dumu kando ya meza, nikasema ni salamu tu.

Ildefonsi akashukuru. Akaagiza vikombe, akawamiminia wote waliokuwemo, akianza na Gaspari. Dumu lilipoisha akanigeukia.

"Salamu zimefika, Mama Renatha. Sasa sema shida yako mbele ya hawa waliozinywa."

Gaspari alicheka mpaka akapaliwa. Sehemu za gulio ziligawiwa kwa kuvuta vijiti, mimi nikaangukia kando ya mtaro. Niliondoka nimekasirika, lakini njiani nikaanza kupiga hesabu nyingine. Mtu asiyenunulika na mimi hatanunulika na Gaspari pia. Bei yake ni moja kwa wote, na kwa mfanyabiashara hilo ni jambo la kufaa.

Watu walimwita Frateri. Alikuwa amesoma seminari kuu, akamaliza masomo ya falsafa, kisha akarudi nyumbani bila kupewa upadre. Sababu hakuisema kamwe, na sisi tulijitungia sababu nyingi, zote zikiwa na mwanamke ndani yake. Alioa, akapanda migomba na kahawa kama sisi wengine, akaenda kanisani kila Jumapili na kukaa benchi la nyuma. Lakini yale masomo hayakumtoka. Ukienda kwake kuomba barua ya kusafirisha mzigo, ungeipata, ila kwanza ungesikiliza habari za Wayunani wa kale, kwamba kwao kutawala na kuwa mtu mwema havikutenganishwa, na kwamba baadaye sana akatokea Mwitaliano mmoja akawaambia watawala wajifunze pia kutokuwa wema, la sivyo watang'olewa. Nilikuwa nikimwambia huyo Mwitaliano angefanya biashara nzuri Omurushaka. Naye akicheka.

Jambo lililompima lilikuja mwaka 1987, nalo lilikuwa juu ya kibanja cha Kampire.

Kampire na mumewe Sebahire walitoka Rwanda miaka ya sitini, wakimbizi. Sebahire alifanya kibarua kwa Rwegoshora, mwenye ukoo mkubwa pale kijijini, njia ya kwenda Bweranyange. Baadaye Rwegoshora akampa kipande cha nyasi tupu, mahali ambapo hata mbuzi walikuwa hawashibi. Sebahire na mkewe walikibeba kile kipande mgongoni, unaweza kusema. Walikilisha samadi na majani mwaka baada ya mwaka mpaka kikawa kibanja cha migomba inayoinama kwa uzito, kahawa katikati, na upande mmoja ukigusa barabara. Kisha Sebahire akafa. Matanga hayajapoa, Rwegoshora akasema ardhi ile alimwazima tu kibarua wake, kibarua amekufa, mwenyewe anaichukua. Alikuwa na kijana anayetaka kuoa, na kijana anahitaji mahali.

Kampire alikuwa na watoto watano na hakuwa na kwao pa kurudi. Akinyang'anywa kibanja, alikuwa anarudi kuwa kibarua kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Nami nilikuwa na langu, sifichi. Kampire alikuwa amekubali nijenge ghala upande ule unaogusa barabara. Rwegoshora akishinda, upande ule ungekwenda kwa Gaspari, walishaongea.

Kampire alikuwa na silaha moja tu. Alisema mumewe na Rwegoshora walikuwa wamechanjiana, wakala omukago. Kwetu Wanyambo hilo si urafiki wa kusalimiana. Wanaume wawili hukaa pamoja, kila mmoja huchanjwa karibu na kitovu, tunda moja la kahawa hupasuliwa, na punje zake mbili huloweshwa damu. Huyu anameza punje yenye damu ya yule, yule ya huyu. Tangu hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Hamnyimani, hamnyang'anyani, na mmoja akifa, mwingine anawalinda watoto wake. Anayevunja, tumbo linamvimba na kumuua. Ndivyo watu wanavyoamini, na katekisimu haijawaondolea. Kama ni kweli walikula, basi Rwegoshora alimpa ndugu yake ardhi moja kwa moja, hakumwazima kibarua.

Rwegoshora alikana. Shahidi aliyewachanja alikuwa amekufa zamani. Aliyebaki akijua ni Ildefonsi, ambaye Sebahire alimweleza habari yote alipokuwa kitandani anaumwa. Alielezwa. Kuona hakuona.

Baraza la kijiji likapanga kusikiliza shauri palepale kibanjani, Katibu Tarafa akiwepo. Siku mbili tatu kabla yake nikaenda kwa Ildefonsi. Nilimkuta anakata majani makavu ya migomba, akanipa kisu cha pili bila kuniuliza, tukawa tunakata tukiongea. Nikamwambia wazi kwamba aseme alikuwepo. Neno moja, na watoto watano wanalala kwao.

Akasema hawezi.

Nikamkumbusha wale Wayunani wake. Aliwahi kunieleza kwamba mmoja wao aliruhusu watawala waseme uongo kwa faida ya mji, kama daktari anavyotoa dawa.

"Aliruhusu," akasema. "Na hapo alikosea."

"Unamkosoa Myunani ila Rwegoshora unamwogopa."

"Namwogopa sana. Ukoo wake ndio ulionipa kura."

Akaendelea kunieleza habari za Mjerumani mmoja aliyeshika kwamba usiseme uongo hata muuaji akibisha hodi kumtafuta rafiki yako. Nikamwambia Mjerumani huyo hakukaa karibu na mpaka wa mtu yeyote. Hapa kwetu tumefungua milango kwa waliokimbia Rwanda, waliokimbia Burundi, waliofukuzwa Uganda, na kama tungejibu kila hodi kwa ukweli, wangapi wangekuwa hai? Jani alilokuwa analikata alilikata tena na tena hadi likawa vipande.

"Wakija na panga nitadanganya, nikatubu baadaye," akasema mwishowe. "Lakini Rwegoshora hakuja na panga. Amekuja kwenye baraza. Mwenyekiti akidanganya barazani, kesho Kampire mwingine ataponzwa na uongo huohuo, na hakutakuwa na pa kukimbilia."

Nikaona hapa hakuna biashara. Nikaenda kwa Kampire.

Kampire alikuwa ameamua kwamba siku hiyo Rwegoshora hatapewa chochote nyumbani kwake, hata maji. Nikamwambia afanye kinyume. Kwetu mgeni akikaa anapelekewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa. Nikamwambia awape wote, lakini asianze nayo. Angoje maneno yasemwe kwanza. Halafu amwendee Rwegoshora wa kwanza kabisa, kwa mkono wake, na ampe tunda zima, lenye punje zake mbili. Asiseme neno. Alinitazama, akaelewa.

Siku yenyewe uwanja wa Kampire ulijaa. Ukoo wa Rwegoshora ulikaa upande mmoja, wanaume na fimbo zao. Wale wenye asili ya Rwanda walisimama nyuma, karibu na migomba, kama watu walio tayari kuondoka. Kila mmoja wao alikuwa na kibanja alichopewa kwa maneno ya mdomo, na kila mmoja alijua shauri hili ni lake pia. Katibu Tarafa, kijana mstaarabu kutoka mkoa mwingine, alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

Rwegoshora alieleza vizuri. Alimsifu hata marehemu, kibarua hodari. Kampire akaeleza yake. Kisha Katibu Tarafa akamuuliza mwenyekiti kama anajua lolote kuhusu huo udugu wa kuchanjiana.

Ildefonsi akasimama. Nilimwangalia usoni, na kwa muda niliamini atasema.

"Marehemu aliniambia walikula omukago," akasema. "Mimi sikuwepo. Sikuona."

Upande wa Rwegoshora ukanong'ona kwa furaha. Rwegoshora mwenyewe akatabasamu. "Asante Frateri. Ulikimbia altare, lakini amri ya nane, ya kutosema uongo, hukuiacha huko."

Watu wakacheka. Nyuma, karibu na migomba, mwanamke akaanza kulia kwa sauti ya chini. Katibu Tarafa akasema kwa kuwa hakuna shahidi aliyeona, anaona shauri limeeleweka.

Hapo ndipo Kampire akatoka jikoni na kikapu kidogo cha kahawa.

Alimpita Katibu Tarafa, akampita mwenyekiti. Akapiga magoti mbele ya Rwegoshora, akamwamkia shikamoo, akachagua tunda moja zima, akamnyooshea kwa mikono miwili. Rwegoshora akanyoosha mkono. Mkono ukafika nusu, ukasimama.

Mtu wa kutoka kwingine angeichukua ile kahawa, akaitafuna, na mambo yakaisha. Hata kuitia mfukoni ingetosha. Rwegoshora alirudisha mkono wake gotini.

"Tumbo langu halijakaa vizuri leo," akasema.

Kila Mnyambo aliyekuwepo aliinamisha macho. Hata mmoja wa ukoo wake alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule, bila sababu. Katibu Tarafa pekee hakuona kitu. Akamwambia Kampire aendelee kugawa, na yeye akaomba yake.

Mimi nilidhani nimeshinda. Baraza lote sasa lilijua, na wajumbe wasingethubutu kumpa Rwegoshora ardhi ile. Ingebaki kupiga kura tu.

Lakini Ildefonsi akasimama tena.

Alimweleza Katibu Tarafa, mbele yetu wote, maana ya kahawa ile na maana ya kuikataa: punje mbili ni za kiapo, na aliyekivunja huogopa kuzimeza. Na bado hakukaa. Alisema anadhani kahawa hiyo imepangwa, tena anamjua aliyeipanga, na hakuniangalia. Kisha akasema: "Mzee ameogopa. Hofu yake si ushahidi. Mtu anaweza kuogopa bila kuwa na kosa, na mimi siko tayari mzee wangu anyang'anywe shauri lake kwa sababu ya kutishwa mbele za watu. Naomba baraza lisihesabu jambo hili."

Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mimi. Kampire alikuwa amepiga magoti bado, kikapu mapajani. Katibu Tarafa akauliza: basi tunahesabu nini?

Rwegoshora alikuwa anamtazama mwenyekiti. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba na hajui akiweke wapi. Wa ukoo wake walimsubiri aseme neno la mwisho achukue kibanja.

"Keti, Ildefonsi," akasema. Hakumwita Frateri. Akamgeukia Kampire. "Sebahire alikuwa ndugu yangu. Tulikula. Nyanyuka, mke wa ndugu yangu, usiniue kwa magoti."

Kahawa bado hakuichukua. Alishika fimbo yake akaondoka, na kijana wake akamfuata nyuma akimlaumu kwa Kinyambo, bila kujali nani anasikia.

Mpaka leo mimi na Ildefonsi tunabishana ni nini kilichomshinda mzee yule. Mimi nasema ni tumbo: bila ile kahawa angekwenda kulala na kibanja mkononi. Yeye anasema mzee aliyetishwa angeshindwa siku hiyo na kurudi na fimbo mwezi unaofuata, ila aliyetetewa na hasimu wake alikosa pa kusimama. Nimemwambia hayo ni mambo ya seminari. Lakini Rwegoshora alisema mwenyewe wakati alikuwa ameshaachiwa mlango wazi.

Kilichopatikana na kilichopotea kinajulikana. Kampire alibaki kwenye kibanja chake, na baraza likaandika kwamba ni chake na watoto wake. Wale waliokuwa wamesimama karibu na migomba nao walikwenda mmojammoja ofisini kuandikiwa vya kwao, na Ildefonsi aliwaandikia wote. Rwegoshora hakuvimba tumbo. Aliishi hadi mwaka 1993. Ila kijana wake alihamia upande wa Kyerwa kutafuta ardhi, akaoa hukohuko, na baba yake hakuitwa harusini.

Ildefonsi uenyekiti ulimtoka uchaguzi uliofuata. Ukoo wa Rwegoshora ulimnyima kura kwa kuwa alimfedhehesha mzee wao. Waliomuunga mkono Kampire nao wengi walimnyima, kwa kuwa nusura awaangushe. Alirudi kwenye migomba yake, na watu walewale waliomnyima kura wakawa wanakwenda kwake kugawiwa mirathi, bure.

Nami ghala sikulipata pale. Kabla hajatoka ofisini, Ildefonsi alikataa kupitisha makubaliano yangu na Kampire, akasema yalifanywa wakati mjane ana shida na mimi nina maslahi kwenye shauri. Nilimwambia anamnyima na mjane kodi yake. Akasema anajua. Nikajenga Omurushaka, mahali pabaya zaidi na kwa gharama zaidi, na maharage ya Kampire nayanunua kwa bei anayotaka yeye.