Kwa Sauti Moja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari juzi tu, na wazee wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, huku milimani Mbinga, walikuwa wamenichagua katibu kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri. Nilijiona msomi hasa. Neno sauti nilidhani nalijua: ni kile kinachotoka kooni, na kile unachopunguza kwenye redio. Basi.

Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda vijijini na malori yao. Mmoja akaja na maneno matamu. Alitaka tumuuzie kahawa mbivu, ikichumwa tu anachukua, na mashine yetu ya kumenyea tumwachie aende nayo, kwa kuwa tusingeihitaji tena. Wengi walivutiwa, maana kumenya, kuosha na kuanika ni kazi ya kuvunja mgongo. Mimi nilivutiwa kuliko wote. Kikao hakijaanza, nilikwisha kuandika kwenye daftari la muhtasari: "Wanachama wote wamekubali kwa sauti moja."

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, mnunuzi amekaa mbele. Mwishoni akasimama Bibi Otilia, mjane, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani aliyeolewa kwetu. Zamani aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na waliomsikia wanasema hakuna aliyemfikia. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, akabaki na mnong'ono tu. Tuliona midomo ikicheza, hatusikii kitu.

"Kaa tu, Bibi," nikasema. "Wewe huna sauti."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Hakukaa. Alimwinamia mama aliyekuwa karibu naye, akamnong'oneza, na yule mama akasema kwa nguvu: "Bibi anauliza, mwaka kesho huyu bwana asipokuja, kahawa mbivu tutaipeleka wapi? Haikai siku mbili inaharibika. Na mashine itakuwa imekwenda."

Mnunuzi akajikohoza, akazungumzia ubovu wa barabara, akazungumzia urafiki. Wazee wakatazamana, wakajadiliana, na mwisho wakakataa: akitaka kahawa atauziwa iliyomenywa, lakini mashine haitoki.

Watu walipotawanyika, Bibi Otilia akaja mezani kwangu. "Shikamoo, Bibi," nikasema, macho chini. Aliitikia, akaweka kidole kwenye daftari. Kusoma alijua. Ilinibidi niinamishe kichwa hadi mdomoni pake nipate kumsikia.

"Hii sauti moja uliyoandika, na yangu imo?"

Nikashika kalamu.

"Umenitukana mara mbili kwa neno moja, mjukuu wangu. Koo langu kweli halina sauti. Huo ni ugonjwa. Lakini kikaoni sauti ninayo, maana nina shamba na nina akili. Hata kwenye kwaya, sisi wa sauti ya pili watu hawatusikii sana, ila tukikosekana wimbo wote unakuwa mwembamba. Andika upya."

Niliandika upya mbele yake. Akasoma yote, akanipigapiga begani, akaenda zake kupalilia.

Mwaka uliofuata bei ilianguka, na yule bwana hakuonekana. Vijiji vilivyotoa mashine zao vilibaki na kahawa inayooza. Wengi walikuja kumenyea kwetu, na aliyewapangia zamu ni Bibi Otilia, kwa mnong'ono uleule. Alipoanza kusema, wanaume wazima walikatisha mazungumzo yao wakasogea. Sijapata kuona mtu anayesikilizwa namna ile.

Mwanangu, wewe nawe utakaa kwenye vikao, iwe ofisini, kanisani au nyumbani kwako. Usiwaandikie watu maneno ambayo hawajayasema. Kabla hujatangaza kwamba wote wamekubali, mtafute ambaye hajasikika, umsogelee, usichoke kumngoja. Na usimpime mtu kwa ukubwa wa sauti yake.

Nakuombea maisha marefu, nyumba yenye mazungumzo, na wenzako wakuheshimu kwa haki unayowatendea.