Siku Tisa Bila Alama

Wodi nzima ilimwita Bi Klorini, naye hakuona tusi. Miaka kumi na tisa alipiga deki wodi ya wazazi, mikono ikababuka mpaka mumewe akamtania kwamba hata mbu wanaikwepa. Damu na matapishi havikumtisha. Alichokiogopa ni maji matupu. "Sakafu kung'aa si kuwa safi," aliwaambia wenzake. "Hata ulimi wa mwongo unang'aa."

Nyuma ya mlango wa kila wodi palibandikwa karatasi ya visanduku. Ukishasafisha kwa klorini, asubuhi na jioni, unatia alama ya vema. Basi mwezi ule klorini ikaisha stoo. Metroni akaagiza wadeki kwa sabuni tu, na alama watie vilevile, maana wakaguzi wako njiani.

Msafishaji wa wodi ya wanaume akatia zake. "Shoga, kalamu haiumi. Tia, tukanywe chai."

"Kunywa wewe. Mimi hiyo chai itanikwama."

Akasugua vitanda kwa sabuni hadi kiuno kikalia, lakini visanduku vyake akaviacha vitupu. Siku tisa. Kila asubuhi alikwenda stoo kuuliza, kila asubuhi akaambiwa kesho. Kesho ya stoo haina jua.

Siku ya kumi, mishono ya kina mama watatu waliojifungua kwa upasuaji ikaanza kutoa usaha. Mmoja, binti wa uzazi wa kwanza, akatengwa chumba cha peke yake, homa ikimtetemesha, kichanga chake kikinyweshwa kwa kijiko. Ndugu wakaja juu. Kikao kikaitwa.

Daktari mkuu akatandaza karatasi mezani. Wodi ya wanaume, vema tupu. Ya watoto, vema. Ya wazazi, hakuna kitu.

"Mama, siku tisa hukusafisha?"

"Nimesafisha kwa sabuni, daktari. Klorini haikuwepo. Metroni anajua."

Metroni hata hakupepesa macho. Akaisogeza mbele karatasi ya wanaume. "Na hawa walipata wapi ya kwao?"

Bi Klorini akamgeukia shoga yake wa chai. Yule akainama, akawa anavitazama vidole vyake kama ndiyo kwanza kapewa. Ana watoto wanne na mume aliyekwenda kusikojulikana. Sababu anayo.

Kabla ya adhuhuri barua ya kumwachisha Bi Klorini kazi ilikuwa tayari. Akapitia chumba cha binti ampe pole. Mamaye binti akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye uliyekuwa husafishi?"

Bi Klorini aanzie wapi? Stoo, kwa metroni, au kwenye visanduku? Nyuma ya yule mama, binti alikuwa akigonganisha meno.

"Mwanangu usimsogelee," mama akasema.

Bi Klorini akasema pole, akashuka ngazi.